Keji za chupa za bei nafuu kwa baiskeli ya resi: alumini, plastiki au hizi wanazoita karboni?

mtoto_wa_tegeta:
Habari zenu wadau, naombeni ushauri kabla sijaenda kupoteza hela. Nina baiskeli ya resi ya mtumba, fremu ya alumini saizi 52, ilikuja na keji (kile kishikio cha chupa kwenye fremu) moja tu ya plastiki, imepauka kwa jua na mdomoni imeshapasuka. Jumapili iliyopita tulitoka wanne kwenda Bagamoyo, tumeanza saa kumi na moja na nusu alfajiri ili tuwahi jua, tukaingia kwenye yale matuta madogo madogo yaliyopangana, yale yanatetemesha usukani mpaka vidole vinakufa ganzi, chupa ikachomoka ikaenda kuangukia mbele ya tairi la mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu. Alikwepa akaingia upande wa magari na Mungu tu ndio alisaidia hakukuwa na gari wakati ule. Hakusema kitu lakini mimi sijalala vizuri tangu siku hiyo, nimejiambia siendi tena kwenye kundi mpaka nifunge keji ya maana.

Nina elfu 30 na nataka keji mbili maana chupa moja kwa joto hili la Dar haitoshi hata kufika Mapinga. Kariakoo nimeona za aina tatu: za alumini za waya mnene, za plastiki nyeusi, na moja muuzaji anasema ni karboni anataka 45 kwa moja. Maswali yangu: hiyo karboni ina faida gani? Mimi natumia chupa za maji za dukani zile za 600, hilo ni tatizo? Halafu fremu yangu ni fupi, nikiweka chupa kwenye bomba la siti inagonga bomba la juu wakati wa kuitoa. Na bolti moja imegoma kabisa kutoka.

fundi_spoku:
Pole mkuu na pole kwa mwenzako. Chupa inayoanguka kwenye kundi ni hatari kuliko watu wanavyoidhania, wa nyuma yako macho yake yako kwenye tairi lako hayako chini.

Nianze na hilo la chupa za dukani kwa sababu ndio ugonjwa wenyewe, watu wanalaumu keji wakati kosa ni la chupa. Keji karibu zote za baiskeli zimetengenezwa kwa chupa yenye upana wa milimita 73 au 74. Kama huna vernia (kile kifaa cha kupimia unene) chukua uzi zungushia chupa halafu pima uzi kwa rula, chupa ya baiskeli itakupa kama sentimita 23. Zile za maji za dukani za nusu lita nyingi zinacheza kwenye 20 au 21, yaani ndani ya keji inaogelea. Na sio unene tu, chupa ya baiskeli ina mfereji pale karibu na shingo, keji ina kijino kidogo kinaingia kwenye ule mfereji na kukamata. Chupa ya dukani haina huo mfereji mahali pake kwa hiyo hata keji ya bei mbaya vipi haitaishika, na plastiki yake ni laini, ukishakunywa nusu inabonyea ndio inatoka kiulaini kabisa.

Kwa hiyo kama una elfu 30 ningekushauri usimalizie yote kwenye keji. Nunua keji mbili za alumini, inayobaki weka kwenye chupa moja ya kweli ya baiskeli, ya pili utaongeza mwezi ujao. Na ukienda dukani nenda na chupa mkononi. Ichomeke kwenye keji ikiwa na maji, geuza keji juu chini, itikise kwa nguvu kama unachanganya dawa ya mtoto. Ikibaki, nunua. Ikitoka, rudisha kwenye meza hata kama muuzaji anakwambia ni original.

NgongDescender:
Huku Nairobi pia hizo za karboni feki zimejaa boss, usiingie hiyo mtego. Nilinunua moja mtandaoni, picha ilikuwa poa sana, ikafika nikaipima kwa mizani ya jikoni ikasoma gramu 52. Keji ya karboni ya ukweli iko kati ya gramu 20 na 30 hivi. Hii ilikuwa plastiki imebandikwa stika ya michoro ya karboni, nilipoikwaruza kwa kucha upande wa ndani ikabanduka.

Na hata ingekuwa ya ukweli, piga hesabu. Alumini ya kawaida ni gramu 50 hadi 70. Ukiweka mbili za karboni umeokoa labda gramu 80. Chupa yako ya 750 ikijaa maji peke yake ni gramu 750 na kitu. Hizo gramu 80 ni mafunda mawili ya maji, ukifika juu ya kilima umeshazimeza tayari. Kwa mtu anashindana na kila kitu kingine kwa baiskeli yake kimeshafika mwisho sawa, lakini kwa sisi wa kupanda Ngong wikendi hiyo pesa peleka kwa tairi.

bi_pedali_zenji:
Assalam aleikum. Mimi nipo Unguja na nitasema la huku kwetu kwenye chumvi. Alumini yenyewe haishiki kutu nyekundu, hapo mko sawa, lakini bolti zinazokuja na keji za bei rahisi ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, miezi mitatu tu ya upepo wa bahari na jasho (na maji ya ndimu na sukari yanayomwagika kila unapokunywa) zimeshaota kutu na zimekamatana na fremu. Kaka Tegeta nina hakika hiyo bolti yako iliyogoma ndio hadithi hiyohiyo.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi au la bolti, uliza bolti za stenlesi milimita 5, urefu milimita 12 au 15, kichwa cha alenki (chenye tundu la pembe sita). Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na shida utakayoiepuka. Kisha na hili ni muhimu, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti kabla ya kufunga, kwa sababu stenlesi ikikaa ndani ya alumini bila kitu katikati na chumvi ikaingia nazo zinakamatana, hata kama hakuna kutu unayoiona kwa macho.

La fremu fupi nalijua vizuri maana yangu ni 49. Zipo keji za kuingizia chupa kwa ubavu, unaivuta pembeni badala ya kuivuta juu, Specialized wanayo moja inaitwa Zee Cage na wengine wengi wametengeneza za namna hiyo, zipo pia zisizo na jina na bei yake ni ya kawaida. Angalia tu upande, kuna za mkono wa kulia na za mkono wa kushoto, usije ukanunua mbili za upande ambao mkono wako haujazoea. Ila kabla ya kununua jaribu njia ya bure: chupa kubwa ya 750 iweke kwenye bomba la chini, ile ndogo ya 500 weka kwenye bomba la siti. Chupa ya 500 ni fupi, kwenye 52 huenda ikatosha bila shida yoyote.

Kasongo_Berlin:
Salamu kutoka Berlin, mimi mtu wa Lubumbashi, Kiswahili changu mtanisamehe. Ninapenda kuongeza juu ya plastiki sababu naona watu wanaidharau. Kuna keji ya Elite, kampuni ya Italia, inaitwa Custom Race, hiyo ni plastiki ya nailoni yenye nyuzi ndani, gramu kama 40, na timu kubwa za Ulaya zimeitumia miaka mingi sana. Hapa mitumba yake inapatikana rahisi, watu wanauza baiskeli wanatoa keji pembeni. Mimi niko na mbili, nimezitumia miaka 6 hazijapasuka. Kwa hiyo shida si plastiki, shida ni plastiki gani. Ile ya bei ya chini sana iliyokaa juani dukani tayari imekufa kabla haujainunua.

Kitu kingine: kwenye Paris-Roubaix, mbio za baiskeli za Ufaransa, ambapo wanapita juu ya mawe kilomita zaidi ya 50, mafundi wa timu wanabandika utepe wenye msasa ndani ya keji ili chupa isichomoke, na wengine siku hiyo wanatoa keji zao za kawaida wanafunga za chuma au alumini sababu wanaweza kuzibana zaidi kwa mkono. Hao ndio watu wenye pesa ya kununua chochote na bado wanarudi kwa alumini na utepe. Mwaka 2025 mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, nilikuwa naangalia wakipanda yale mawe ya Kimihurura nikawa natazama chupa zao tu. Mkewangu ameniuliza ninatafuta nini.

fundi_spoku:
Kasongo umesema vizuri kuhusu kubana kwa mkono, hapo ndipo napenda alumini mimi. Keji ya alumini ikilegea unaibana kidogo kwa kuikandamiza mikono yote miwili, dakika moja, inarudi kushika. Plastiki ikilegea ndio basi. Lakini alumini nayo ina kiwango, sio chuma. Ukiikunja ukaikunjua mara nyingi inachoka ndani, halafu siku moja inakatika tu pale kwenye kona karibu na bolti ya chini au pale ilipochomelewa. Kwa hiyo bana mara moja au mbili, usiifanye mazoea ya kila wiki, na ukisafisha baiskeli pitisha kidole pale kwenye kona uone kama kuna ufa.

Anayetaka ya kudumu milele achukue ya stenlesi. King Cage wanazitengeneza kwa mkono kule Durango, Colorado, ni nyepesi vilevile, kama gramu 50, na hiyo unaikunja na kuikunjua haina neno. Bei yake lakini haipo kwenye elfu 30 zako mkuu, ukiongeza na kusafirisha ndio kabisa, nimeitaja tu kwa anayejenga baiskeli ya kukaa nayo. Jambo moja la alumini wasilokwambia dukani: inaacha madoa meusi kwenye chupa, kama ya penseli. Ni alumini inasuguliwa na chupa. Futa kwa kitambaa, haina shida.

Mzee_wa_Karia:
Vijana wangu mimi nimeendesha tangu tukifunga chupa ya soda kwenye usukani kwa mpira. Na huo mpira ndio nataka kuutaja. Chukua tyubu ya zamani ya baiskeli, kata utepe upana wa vidole viwili, ule ule tuliokuwa tunatengenezea manati, zungushia kwenye mikono ya keji pande zote mbili au gundisha kipande ndani. Keji iliyokuwa inalegea itashika hata chupa ya dukani, na makelele ya chupa kugongagonga yanaisha. Nimewafungia vijana wengi hapa mtaani na hawajawahi kunirudia wakisema imeangusha. Haina gharama yoyote, fundi pancha yeyote ana tyubu mbovu chini ya benchi atakupa bure.

mtoto_wa_tegeta:
Wakuu asanteni sana, sikutegemea kupata majibu mengi hivi, na Mzee shikamoo, hiyo ya tyubu nimeifanya leo leo kwenye keji ya zamani wakati nasubiri kwenda dukani. Nimepima kwa uzi kama fundi alivyosema, chupa yangu ya 600 imetoa sentimita 20 na nusu. Kwa hiyo nilikuwa naendesha miezi yote ile na chupa ambayo haikuwa imeshikwa na chochote.

Sasa bolti. Nimeweka WD-40 (ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu) nikaacha usiku kucha, asubuhi nimezungusha alenki inazunguka bila kukaza wala kulegea, yaani inazunguka na kile kinati kilicho ndani ya fremu. Nimeacha hapohapo nikaogopa kuharibu. Nifanyeje?

fundi_spoku:
Umefanya vizuri sana kuacha. Kile kinati cha ndani kwenye fremu za alumini kimebanwa tu kama riveti, hakijachomelewa, kwa hiyo bolti ikishikwa na kutu kinaanza kuzunguka chenyewe. Ukiendelea kulazimisha kinapanua tundu la fremu na hapo ndio gharama.

Fanya hivi. Angalia kama kuna ukingo wa kinati unaoonekana juu ya bomba, mwembamba kama milimita moja. Kama upo, mwenzako aushike kwa koleo nyembamba au abonyeze bisibisi bapa chini ya ukingo iwe kama inakinyanyua, wewe zungusha bolti taratibu kuilegeza. Mara nyingi ule mvutano unatosha. Ikigoma, fundi akate kichwa cha bolti kwa msumeno mdogo au akitoboe kwa drili, kinati kitolewe, halafu kiwekwe kipya cha milimita 5 kwa kile kifaa cha kuvutia riveti za nati. Mafundi wa magari wanaotengeneza bodi wengi wanacho, hawa wa baiskeli ni wachache. Waambie ni ya bomba jembamba la alumini wasivute kwa nguvu za gari.

Na hata kama hutaweka keji upande huo, usiache tundu wazi, rudishia bolti. Maji ya mvua na ya kuoshea yanaingia hapo yanakaa chini ya fremu.

NgongDescender:
Kuongezea tu kwa hiyo: wakati wa kufunga mpya, bolti zote ni alenki namba 4 na matundu yako umbali mmoja karibu kila fremu, milimita 64, so keji yoyote itaingia usiwe na wasiwasi. Zianze zote mbili kwa vidole kwanza ndio ukaze, ukikaza moja mpaka mwisho ya pili inaingia upande na nyuzi zinaharibika. Ukikaza shika alenki kwa upande mfupi, hiyo nguvu inatosha. Wenye torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) waweke Nm 3 hivi, na kwa fremu ya karboni msipitishe hapo kabisa. Watu hukaza kama wanafunga gurudumu la lori.

bi_pedali_zenji:
Na mnaogandisha maji usiku, mimi mmoja wao, msijaze chupa mpaka juu. Barafu inavimba, chupa inanenepa, asubuhi unaisukuma kwenye keji kwa nguvu halafu njiani haitoki, unahangaika nayo mkono mmoja kwenye usukani na daladala pembeni. Jaza theluthi mbili ugandishe, umalizie maji ya kawaida wakati wa kutoka.

mtoto_wa_tegeta:
Mrejesho wakuu. Nilienda Kariakoo Jumatano na chupa yangu mkononi, wauzaji wawili walinishangaa nilivyokuwa nageuza keji juu chini, wa tatu akasema kumbe ndio inavyotakiwa akaanza kunijaribia mwenyewe. Nimechukua mbili za alumini, elfu 9 kila moja baada ya kuvutana, na hao wa kwanza kabisa waliotaka 12 chupa ilitoka mara ya pili nikitikisa kwa hiyo sio bei inayoamua. Chupa ya 750 moja nimenunua kwa elfu 10. Bolti nne za stenlesi na grisi kidogo nimepewa na jirani anayefanya kazi gereji, na ni yeye ndiye aliyenitolea ile bolti kwa njia ya bisibisi chini ya ukingo, ilikubali bila kukata.

Chupa ya pili bado ni ya dukani, ile fupi ya nusu lita, ipo kwenye bomba la siti na tyubu ya Mzee nimezungushia pande zote, haigongi juu.

Leo tumeenda Bagamoyo tena, wanne walewale. Kabla ya kufika kwenye matuta yale nimewaambia wenzangu watangulie mimi nikae nyuma kabisa, nikapita kwa spidi ileile ya siku ile. Zote mbili zimebaki. Kurudi nikakaa mbele, na yule mwenzangu aliyekwepa amekaa nyuma ya tairi langu kuanzia Mapinga hadi Bunju.

Mzee_wa_Karia:
Marahaba mwanangu. Tyubu ikikauka na kuanza kupasuka badilisha, usingoje ikatike. Kwa jua la huko ni kama miezi sita.

mtoto_wa_tegeta:
Sawa Mzee, nimeshamwomba fundi pancha aniwekee nyingine pembeni.